SAA ZA RUBANI WA PILI NI JASHO, ZIANDIKWE



Mwenzetu wa shambani atauliza, marubani wenye mashati meupe wanatuhusu nini? Lakini tumeitazama sheria ya Marekani juu ya rubani wa pili, na ndani yake tumekikuta kipande.

Manamba wa mkonge Tanganyika alipewa kadi ya siku 30. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku ya kazi, hata kama mgongo umekatika. Rubani naye ana daftari la saa. Marekani, tangu 2013, anayetaka kurusha ndege za mashirika ya abiria, hata awe msaidizi, kwa kawaida hudaiwa saa 1,500. Sharti hilo lilifuata ajali ya karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Basi kijana anasaka saa kama wazee wetu walivyosaka alama.

Sasa tazameni. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, hizi tunazoziona zikitua kwenye viwanja vya udongo Afrika Mashariki, zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kijana akikaa kiti cha kulia, akashika redio na kumsaidia mkuu wake mawinguni, saa zake hazihesabiwi mpaka ndege yenyewe, au kanuni za safari ile, zidai marubani wawili. Ndege ya kukodi yenye viti vya abiria 10 au zaidi lazima iwe na wa pili. Yenye viti pungufu ikibeba abiria na kuruka kwa kufuata vyombo, anatakiwa pia; ila kampuni ikiwa na mtambo wa kushika usukani wenyewe, pamoja na kibali, inaweza kumwacha nyumbani. Mashine imechukua kiti, imechukua na alama ya kadi. Wenzetu wa viwandani habari hii wanaijua.

Mwaka 2018 serikali yao ililegeza. Kampuni yenye mpango wa mafunzo ulioidhinishwa inaweza kumwandikia wa pili saa zake hata pale asipolazimika kuwapo, mradi rubani mkuu amefundishwa kumlea. Sisi tunalikubali nusu. Mwajiri akipenda anauomba mpango, asipopenda basi. Na wamekuwako wenye ndege waliowatoza vijana pesa ili wakae kiti cha kulia. Kulipa ili ufanye kazi! Hata mnyapara wa mkonge hakufika huko.

Wako watakaosema kumwandikia kila anayekaa mbele ni kuuza saa za uongo, na abiria watalipa kwa roho zao. Hoja hiyo ina nguvu. Fundi wa karatasi hata sisi hatumtaki, na anayejaza saa za uongo anastahili kunyang'anywa leseni. Lakini kipimo kiwe kazi. Aliyefunzwa, akapimwa, akapewa majukumu, aandikwe na alipwe. Asiye na kazi ni abiria, akae nyuma. Vijana hao wamuulize mwajiri kwa maandishi, kabla injini haijawashwa: leo nimo humu kama mfanyakazi, au kama mzigo?