Chema Chajiuza, Lakini Nani Anayekijua?



Tangu msimu uliopita kumalizika tumepokea maswali mengi kutoka matawini juu ya jambo moja. Vijana wetu wengi, na baadhi ya wazee pia, wanashughulika na mafunzo yapatikanayo katika simu za mkononi, ambayo humfundisha mtu namna ya kujijengea jina. Wako wasemao kuwa mafunzo haya ni kheri kubwa kwa mkulima. Wako wasemao kuwa ni majivuno matupu, na kuwa wazee wetu walikwisha kulimaliza neno hili waliposema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kuwa jambo lenyewe lagusa mifuko ya wanachama, na kwa kuwa limekwisha kuitia nyumba moja ya wenzetu katika hatari, tumeonelea si vyema kunyamaza. Haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza yafaa tueleze mafunzo hayo ni kitu gani, kwa faida ya wasioyaona. Si hotuba, wala si kitabu cha kusoma. Ni mazoezi yaliyopangwa moja baada ya jingine, na huwezi kuliendea la pili mpaka umelimaliza la kwanza. Siku moja waambiwa: andika kwa sentensi moja wewe ni nani na kazi yako ni ipi. Siku ya pili: waulize watu watano wakujuao, kila mmoja akupe neno moja juu yako. Siku ya tatu: chagua jambo moja utakalo watu wakujue kwalo. Halafu waja katika picha, na namna ya kumjibu mteja, na mengineyo. Fikra yenyewe ya mtu kuwa na chapa yake kama bidhaa ilienezwa na Mmarekani, Tom Peters, katika makala aliyoiandika mwaka 1997, akisema kila mtu ajione kuwa ni kampuni na yeye ndiye mkubwa wake. Aliwaandikia watu wa maofisini. Hakumfikiria mtu aliye juu ya mkarafuu na pakacha lake.

Wala kujifunza kwa simu si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 2016 VETA pamoja na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha masomo waliyoyaita VSOMO. Mwanafunzi husoma maelezo ya ufundi katika simu yake, kisha huenda chuoni kufanya kazi kwa mikono mbele ya mwalimu. Mpango huu twausifu, na twawaomba wanachama waukumbuke, maana simu peke yake haimfanyi mtu fundi.

Sasa tuje kwenye tuliyoyaona kwa macho yetu. Tulipata safari ya Bara, tukafika Makambako na Njombe. Mtu ataweza kuuliza: mkulima wa karafuu anatafuta nini katika nchi ya baridi, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako mwezi wa Juni na Julai watu hutembea na makoti mchana kutwa? Jibu letu ni kuwa kule hakuna karafuu, lakini taabu ya mkulima ni ile ile.

Makambako ni mji wa njia. Hapo yapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na hapo ndipo iachanapo barabara ya Njombe na Songea. Pana na kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Kwa hivyo mahindi, maharage, mbao na viazi mviringo kutoka milimani hukutana hapo vikapakiwa. Na hapo ndipo jina la mkulima lipoteapo. Gunia la viazi hushindiliwa mpaka likaota kilemba juu, ile inayoitwa lumbesa, likatupwa ndani ya lori pamoja na magunia ya watu wengine. Likifika mjini laitwa viazi vya Njombe, basi. Aliyechagua mbegu nzuri na aliyechimba viazi vibichi wameuza kwa jina moja na bei moja.

Parachichi zina khabari nyingine. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, umesifika sana kwa parachichi za Hass zipelekwazo nchi za nje, na mwezi wa Novemba 2022 China nayo ilikubali kuzipokea parachichi za Tanzania. Tunda hili halina msamaha. Likichumwa kabla ya wakati wake haliwivi sawasawa. Husinyaa, likawa kama mpira, na aibu hiyo hutokea mezani kwa mlaji aliye mbali wakati mkulima amekwisha kulipwa. Kwa hivyo mnunuzi wa ng'ambo hataki parachichi za Njombe tu. Ataka kujua ni za shamba gani, zimechumwa lini, na miti imepigwa dawa gani. Hapa jina la mkulima lina kazi ya kufanya.

Tulikutana na kijana mmoja aliyeyafanya mazoezi haya ya simu mpaka mwisho. Tulipomwuliza yamemfaa nini, hakutuonyesha picha yake mwenyewe. Alituonyesha daftari. Akasema lilipofika zoezi la kuchagua jambo moja la kujulikana kwalo, alikaa siku tatu bila ya jibu, kisha akaandika: sichumi tunda changa. Tangu siku hiyo huandika tarehe ya maua na tarehe ya kuchuma, na hivyo ndivyo avitangazavyo katika simu. Wanunuzi humpigia wao. Kijana huyu hakufundishwa kujisifu; alifundishwa kuahidi, na ahadi ikamlazimisha kazi.

Lakini pia tulisikia khabari ya mwenzake, aliyefanya mazoezi yale yale na kuyapita yote. Yeye alipofika kwenye picha alikwenda kusimama katika shamba la jirani, penye miti mikubwa iliyoinama kwa matunda. Mnunuzi alikodi gari kutoka Makambako, akafika, akaonyeshwa miche ya miaka miwili inayomfika mtu kiunoni. Basi kijana huyo naye amepata jina, na mpaka leo analo. Njia ya mwongo ni fupi, na simu imezidi kuifupisha.

Tena yuko mtu wa tatu, ambaye jina lake li juu ya kila tunda la Hass. Naye ni Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California. Mti ulimwotea shambani mwake, akauandikishia hati ya hakimiliki mwaka 1935. Wakulima walinunua mche mmoja kwake, wakabebesha mingine wenyewe bila ya kumlipa, naye akaendelea kupeleka barua. Leo jina lake lauzwa ulimwengu mzima. Twalitaja hili ili wanachama wasidanganyike kuwa jina na fedha ni kitu kimoja. Jina huleta fedha pale tu penye mapatano na sheria ya kuzishika.

Na hapo ndipo tunaporejea kwetu, maana sheria yetu si ya Njombe. Mkulima wa parachichi aweza kumchagua mnunuzi wake. Sisi karafuu zetu, kwa sheria iliyopo, twaziuza kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, nalo hulipa kwa daraja, halilipi kwa jina. Uwe na picha elfu katika simu, karafuu yako itapimwa, itatazamwa rangi na ukavu na usafi wake, kisha itamiminwa pamoja na za wengine.

Mazoezi yaliyoandikwa nchi za mbali hayalijui jambo hili, nayo humwambia kila mtu: tangaza bidhaa yako, mfuate mteja wako. Kijana wa mwanachama wetu mmoja aliyafuata kwa moyo safi. Aliweka picha ya karafuu za baba yake juu ya majamvi, na chini yake akaandika kuwa zinauzwa. Siku ya tatu alipigiwa simu na mtu asiyemjua, anayetaka magunia kumi yapitishwe bandari bubu usiku, kwa bei ya kupendeza. Baba mtu alipopata khabari alikatika maini. Alhamdulillahi jambo lilikatwa mapema. Lakini kama si hivyo, kijana ambaye hajawahi kuiba hata nazi angeitwa mtu wa magendo, na shamba la mababu lingetajwa barazani kwa ubaya. Hilo ndilo jina ambalo angejengewa na somo lisiloijua nchi yake.

Je, tuseme basi vijana wayaache mafunzo haya? La, hatusemi hivyo. Wazee waliosema chema chajiuza walisema kweli katika soko ambalo mnunuzi hukishika kitu kwa mkono wake na kumwona mwenyewe usoni. Leo anayeitia karafuu yetu chunguni yuko mbali, hajui jamvi lako wala langu. Anajua neno moja tu, Zanzibar. Na neno hilo lina washindani. Indonesia yatushinda mbali kwa wingi, ingawa nyingi huzitia katika sigara zake wenyewe. Madagascar nayo yauza nje kwa nguvu. Zamani visiwa hivi vilitangulia dunia nzima. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo mzigo wa jina hilo umekuwa zaidi juu ya mabega ya Pemba. Hatuwezi tena kushinda kwa wingi. Tulichobaki nacho ni sifa, na sifa hiyo ni mali ya shirika: mmoja akichanganya mpeta na makonyo ndani ya gunia, ametumia akiba ya wote.

Kwa hivyo ushauri wetu kwa wanachama ni huu.

Kwanza, yeyote atakaye kuyafanya mazoezi haya ayaanzie jamvini. Hapana haja ya kupiga picha karafuu zilizoanikwa juu ya lami ya barabara, zikakanyagwa na mbuzi na kunusa moshi wa magari. Chambua vyema, anika juu ya jamvi safi, usizilaze karafuu mbichi chunguchungu mpaka zikachacha. Hilo ndilo zoezi la kwanza, na halihitaji simu.

Pili, lile zoezi la kuwauliza watu watano ni zuri sana, lakini wengi hulifanyia hila wakawauliza rafiki zao. Mwulize mchumaji wako kama humlipa pishi zake kwa haki. Waulize kina mama wachambuao uani kwako. Mwulize karani wa kituo cha kununulia, na jirani mliyepakana. Maneno ya hao ndiyo chapa yako, utake usitake.

Tatu, karafuu isitangazwe kuuzwa kwa simu. Lakini yako mengi yasiyofungwa na sheria hiyo: miche ya bustani, mdalasini, hiliki, pilipili manga, vanila, asali, na kuwatembeza wageni mashambani. Katika haya jina la mtu lina faida kamili, na kijana mwenye kuyajua mazoezi aweza kuifaa nyumba nzima.

Nne, mazoezi yafanywe tawini, kijana na mzee pamoja. Kijana ajua simu, mzee ajua shamba na sheria. Kila mmoja peke yake ataponea chupuchupu. Na yeyote atakayeona somo linamtaka namba yake ya siri ya fedha, au linamtaka alipe kwanza ndipo aonyeshwe wateja, alifunge hapo hapo.

Tano, na hili ndilo kubwa kwetu, Chama chenyewe kiyafanye mazoezi haya kama mtu mmoja. Tuulizane katika mikutano: sisi ni nani, na ni neno gani moja tunaloweza kuahidi bila ya kusuta? Yule kijana wa Njombe aliandika kuwa hachumi tunda changa. Sisi tutaandika nini? Tukiweza kusema kuwa hapana gunia la mwanachama litakalofika kituoni likiwa bichi ndani, na tukalishika neno hilo misimu mitatu mfululizo, hiyo itakuwa chapa kubwa kuliko picha yoyote.

Chema chajiuza, ni kweli, lakini akipendaye huuliza kimetoka kwa nani, na lazima awepo wa kuitika. Twawaomba makatibu wa matawi waliweke jambo hili katika mkutano ujao, na kila tawi lituletee sentensi yake moja, iliyoandikwa na kutiwa saini na wanachama wake. Tutazichapisha zote katika gazeti letu hili, pamoja na jina la tawi, ili msimu ukija tuzisome tena mbele ya mizani.