Mikono imekauka: tupakae nini?

Kiangazi kimefika tena. Upepo wa kusini unavuma juu ya ziwa, vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sufuria, na mikono yetu imeanza kufanana na ya bibi zetu. Katika mkutano wa juma lililopita watatu kati yenu walituuliza swali lile lile: mafuta gani ya mikono ni mazuri, na je, yale ya bei kali ya dukani yanaishinda vazelini ya kopo? Tumeona tulijibu hapa ili wote wasome, kwa sababu nyuma ya swali hilo kuna mambo mawili yanayotutia wasiwasi.

Kwanza, mikono inakauka kwa nini? Ngozi ina mafuta yake membamba ambayo kazi yake ni kushika maji ndani. Sabuni inayotoa mafuta ya samaki kwenye sahani inatoa na hayo ya ngozi, haichagui. Sabuni ya kufulia ni kali zaidi, hasa ile ya kipande ambayo aliyeipika alizidisha soda. Sasa hesabu kazi za mama mmoja kwa siku moja: ameosha vyombo, amefua, amemenya mihogo, ametia chumvi kwenye ndagala, ameshika majivu na makaa. Sisi walimu tunaongeza chaki, ambayo inakunywa unyevu wa vidole kama mchanga. Na mji wetu una jambo lingine tena: klorini.

Kipindupindu si mgeni Kalemie. Kinapungua, kinarudi, na kila kinaporudi ndoo zenye bomba zinawekwa mbele ya shule, makanisa na vituo vya afya. Ni jambo jema sana. Lakini mkono wenye mipasuko ukiguswa na maji yale unawaka kama umepakwa pilipili. Tumeona kwa macho yetu wamama wanaopita pembeni ya ndoo na kwenda kupika, si kwa ukaidi, ni kwa maumivu. Basi mafuta ya mikono si urembo tu. Mama ambaye mikono haimuumi atanawa kabla ya kushika bukari na kabla ya kumnyonyesha mtoto. Na wanaotayarisha maji hayo wakumbuke: ya kunawa mikono ni ya asilimia 0.05, ya kusafishia sakafu na vyoo ni 0.5, yaani kali mara kumi. Ndoo hizo mbili zisichanganywe. Nyumbani, sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka yanatosha.

Turudi kwenye mafuta. Wanne kati yetu tulijaribu kwa majuma mawili, kila mmoja mkono wa kuume kitu hiki, wa kushoto kitu kile, huku tukiendelea na kazi zetu zote. Si utafiti wa chuo, ni majaribio ya wamama, lakini yanalingana na tunayoyajua juu ya kila kitu.

Vazelini ilituridhisha kuliko vyote. Haiongezi maji kwenye ngozi, inayafungia tu yale yaliyopo yasitoke, na kwa kufungia hakuna kinachoishinda. Haina harufu, haiozi, kopo moja linakaa muda mrefu. Ubaya wake ni kuteleza: ukiipakaa asubuhi, chaki inateleza, daftari za wanafunzi zinapata madoa, na vumbi la njiani linakukamata. Kwa hiyo ni mafuta ya usiku. Pakaa nyingi, vaa soksi za zamani za pamba mikononi, lala. Mume atacheka siku ya kwanza.

Gliserini ya farmasi inafanya kinyume: inavuta maji. Hapo ndipo wengi wanapoitumia vibaya. Ukiipakaa tupu kwenye mkono mkavu wakati wa kiangazi, hewa nayo ikiwa kavu, maji itayavuta kutoka wapi? Kutoka ndani ya ngozi yako. Ichanganye: kijiko kimoja cha gliserini na vijiko viwili au vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupoa, tengeneza kidogo tu cha siku chache, maana maji yanaharibika. Kwa mchana tuliipenda kuliko vazelini, kwa sababu inaingia na mkono haubaki na mafuta.

Tunajua kwamba wengi wenu mnatia ndimu ndani ya gliserini. Tunaomba muache. Ndimu kwenye mpasuko inachoma, na mkono wenye maji ya ndimu ukipigwa na jua unaweza kuungua, ukatoa malengelenge na mabaka meusi yanayokaa kwa miezi.

Mafuta ya kokwa za ngazi, yale ambayo wenzetu wa Kigoma ng'ambo ya ziwa wanaita mise, yalitushangaza. Yanalainisha vizuri na yanapatikana kwetu. Ila yakitokana na kokwa zilizokaangwa yana harufu, na darasa zima linajua mwalimu amepakaa nini. Mawese yenyewe pia yanalainisha, lakini rangi yake inabaki kwenye kitenge cheupe, tumeyaacha jikoni.

Na mafuta ya bei kali? Tulinunua bomba moja la pomadi ya mikono iliyotoka Ulaya. Ni nzuri, hatukatai, na inanukia. Tuliposoma maandishi ya nyuma tulikuta maji, gliserini, na mafuta ya jamii ya vazelini. Yaani vile vitu viwili vya juu, vimechanganywa vizuri na kutiwa marashi. Kama una pesa, nunua kwa raha yako. Kama pesa hiyo ni ya daftari za mtoto, hujakosa kitu. Kimoja tu cha kutafuta humo: neno « urée ». Pomadi yenye urea kiasi cha asilimia 10 inalainisha ngozi ngumu kuliko vazelini peke yake, lakini kwenye kidonda kilicho wazi inachoma.

Sasa jambo la pili. Dukani, ukiomba mafuta ya mikono mikavu, mara nyingi utapewa kopo lenye picha ya dada mweupe na neno « éclaircissant ». Muuzaji atakuambia yanalainisha. Siku za kwanza ni kweli yanalainisha, na hapo ndipo mtego ulipo. Mengi ya mafuta hayo yana hydroquinone, ambayo Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye mafuta ya urembo ya ngozi tangu 2001. Mengine yana clobétasol, dawa kali ya jamii ya kortizoni ambayo munganga anaiandika kwa siku chache tu. Ukiipakaa kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachubuka kwa kitu kidogo, na vidonda vinachelewa kupona. Mengine yana zebaki, inayopita kwenye ngozi na kuharibu figo, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto wake. Wote tunaijua alama yake: mkono umekuwa mweupe, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Mkono huo ndio unaomwogesha mtoto na kumpakaa mafuta.

Hatumhukumu dada yeyote kwa rangi anayoitaka, ingawa mawazo yetu mnayajua. Tunachosema ni kwamba aliyekuja kutafuta dawa ya ukavu asiuziwe kitu kingine. Soma nyuma ya kopo kabla ya kulipa. Ukiona hydroquinone, clobétasol, « mercure » au « calomel », rudisha. Kopo lisilo na maandishi yoyote, rudisha haraka zaidi. Na kama umeyatumia ya kortizoni kwa muda mrefu, usiyakate ghafla peke yako, nenda kwanza kwa munganga, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka vibaya.

Namna ya kupakaa inazidi aina ya mafuta. Nawa, kung'uta mikono, usiifute mpaka ikauke kabisa, na upakae kidogo palepale ikiwa bado na unyevu. Mafuta yanafungia yale maji. Mkono uliokauka kwa nusu saa ukipakwa mafuta ya bei gani, hayana cha kufungia. Wanaotia ndagala chumvi wapakae vazelini kabla ya kuanza kazi pia, chumvi itauma kidogo kuliko kawaida yake.

Kuna mikono ambayo si ya mafuta. Inayowasha sana usiku, hasa katikati ya vidole, na watoto nao wanajikuna, hiyo inaweza kuwa upele, na nyumba nzima inatibiwa pamoja. Inayotoa usaha inahitaji kituo cha afya. Na hili tunaliandika polepole: mpasuko au baka ambalo haliumi hata ukiligusa kwa makaa, au vidole vinavyokufa ganzi, ni lazima vionwe na munganga upesi. Ukoma haujaisha katika jimbo letu. Unatibika, dawa zake zinatolewa bure duniani kote tangu 1995, na anayewahi anabaki na vidole vyake vyote.

Dada mmoja aliuliza pia kuhusu visigino. Ni ngozi ile ile, ila nene. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu kwa robo saa, sugua taratibu kwa jiwe, vazelini nyingi, soksi, lala. Usikate kwa wembe. Baada ya juma moja utaona tofauti, na mwenye sukari asisugue kwa jiwe, aonyeshe miguu yake kwenye kituo.