Vijana, Safari Haikurupukiwi

Lipo jambo linalonikera, nami nikilinyamazia nitakuwa nimeshiriki kosa lake. Vijana wetu wa Arusha wamezoea kukurupuka. Mpira ukivuma nchi ya watu, mmoja anapiga simu usiku, "Mwanangu twende zetu, kule ni shangwe tupu," na alfajiri unawakuta Sakina wanasubiri gari la Namanga, jezi mwilini, kibegi mgongoni, mfukoni hamna cha maana. Mzazi hakuagwa. Anayedai hakulipwa. Pasipoti yenyewe mwingine hana, na aliye nayo hajui kama imekwisha muda.

Tuliyaona haya Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipochezwa kwetu, Kenya na Uganda. Taifa Stars ilitolewa tarehe 22 kwenye robo fainali, Morocco wakitufunga bao 1-0 palepale kwetu, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyohiyo Kenya nao walitolewa na Madagascar kwa penalti. Maana yake fainali ya Kasarani, Nairobi, tarehe 30, haikuwa na timu ya Tanzania wala ya Kenya. Hata hivyo vijana wetu walifunga safari ya ghafla kwenda Nairobi, kilomita zaidi ya 250, kufuata shangwe. Nami sisemi shangwe ni haramu. Morocco walishinda 3-2, na aliyeiona mechi ile kwa macho yake ameona mpira. Ninachokilaumu ni kukurupuka.

Chukua dereva mmoja wa bodaboda wa upande wa Ngaramtoni. Pikipiki si yake, yuko kwenye mkataba, na kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri. Siku ya kuondoka alichukua hesabu ya wiki nzima akaifanya nauli. Haikutosha, akaongeza fedha ambazo mama yake, muuza ndizi, alikuwa ameziweka kando kwa marejesho ya kikoba. Akapita Oldonyo Sambu na Longido akiimba. Kufika Namanga, ofisa wa Uhamiaji hakumuuliza anashabikia timu gani, alimwambia, "Hati yako ya kusafiria." Kijana akatoa kitambulisho cha NIDA. Mkenya huvuka kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Mtanzania bado anatakiwa pasipoti au hati ya dharura, na hilo halikuanza jana. Ikaulizwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kimya. Wenzake wawili wakamnong'oneza habari za njia za panya. Yeye, Mungu amjalie, aliogopa akarudi. Lakini alirudi kwa nani? Tajiri ameshachukua pikipiki yake, na mama ameketi mbele ya wanakikundi wenzake, ameinamisha kichwa, anaomba asamehewe faini. Kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu hata hiyo harusi hakuiona.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema tembea uone, mtasema mwenda bure si mkaa bure. Kweli kabisa, na wazee waliosema hayo hawakuwa wajinga. Lakini waliosema hayo ndio waliosema haraka haraka haina baraka, na ndio waliosema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbona mnachagua methali kama mtu anayechagua nyama kwenye bakuli la wenzake?

Tena mpira ndio usio na udhuru wa ghafla, maana ratiba yake hutangazwa mapema. Kumbukeni 2019. Tarehe 24 Machi Stars iliifunga Uganda 3-0, tukafuzu AFCON baada ya kungoja miaka 39 tangu Lagos 1980. Mashindano ya Misri yalianza tarehe 21 Juni. Hiyo ni karibu miezi mitatu. Mtu mwenye nia angeweza kuweka akiba, kukata pasipoti, kuomba ruhusa kazini, na kuacha chakula cha wanawe ndani. Kule Stars ilifungwa mechi zote tatu, na Senegal, na Kenya, na Algeria, lakini aliyesafiri kwa mpango alirudi nyumbani akiwa na huzuni ya mpira tu. Huzuni ya deni ni nyingine.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba vijana hawahawa wanajua kujiandaa kuliko watu wengi wa nchi hii. Nawasifu bila kuficha. Nendeni lango la Momella mkawatazame vijana wa Arusha na Meru wanaopandisha wageni Mlima Meru. Kabla mgeni hajapiga hatua, kiongozi ameshainama anakagua soli za viatu vyake. Anauliza una maji kiasi gani, una koti la mvua, umekula nini, unaumwa nini. Mizigo ya wapagazi inapimwa uzito. Askari wa hifadhi yuko na bunduki kwa sababu ya nyati. Usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Saddle, taa za kichwani zinajaribiwa moja moja, na mgeni akionekana hafai anarudishwa chini, hata kama amelipa dola. Zaidi ya mita 4,500 huko juu, na hawa vijana huwafikisha watu na kuwarudisha salama. Sasa niambieni, mikono hiyo inayokagua viatu vya Mjerumani, inashindwaje kukagua tarehe ya pasipoti ya mwenyewe?

Msikitini na kanisani tumefundishwa adabu ya safari, wala sihitaji kuithibitisha hapa. Mtu hulipa deni au humwomba mdai wake subira, huaga wazazi akapata dua, huwaachia watu wa nyumbani riziki. Mzee wako asipojua uko nchi gani, akikuombea atataja njia ipi?

Halafu anayekwenda kwa watu bila mpango huwa mzigo kwa mwenyeji. Pale Kasarani, kwenye CHAN hiyohiyo, watu waliingia kwa nguvu bila tiketi, CAF ikawapunguzia Wakenya idadi ya watazamaji wanaoruhusiwa. Tusiwacheke jirani. Tangu Septemba 2023 tumepewa, pamoja na Kenya na Uganda, AFCON ya 2027, na uwanja wa watazamaji 30,000 umepangwa hapahapa Arusha, kata ya Olmoti. Mnapenda wageni wa namna gani waje kwetu?

Na hapa siwezi kujizuia kusema jingine. Wageni hao watapita mjini, wataona uwanja wetu wa siku zote, watauliza: huyu Sheikh Amri Abeid ni nani? Nimewauliza vijana wengi, hawajui. Nambari ya jezi ya Hakimi wa Morocco wanaijua. Sheikh Amri Abeid Kaluta, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, tena mshairi aliyetuandikia kitabu cha sheria za kutunga mashairi kinachosomwa mpaka leo. Alifariki 1964, umri haujafika hata miaka arobaini na mitano. Ni aibu kukaa kila wiki kwenye majukwaa yenye jina la mtu na usijue hata sentensi moja juu yake. Walimu wa Arusha, hili liko mikononi mwenu, na msiseme halimo kwenye mtaala.

Nirudi kwenu, machalii wangu. Pasipoti ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10; gawanyeni kwa miezi muone ilivyo ndogo. Ofisi ya Uhamiaji iko wazi siku za kazi. Anzeni na hiyo wiki hii, mlipe hesabu za watu, mrudishe fedha za vikoba vya mama zenu, na mchanjwe mapema. Kisha nendeni popote mpira unapochezwa, mkapige kelele kwa niaba yetu sisi tuliobaki.