Simu ya binti yangu na gauni la mama yake mdogo

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita binti yangu aliyemaliza kidato cha sita alinionyesha picha ya simu anayoitaka akienda chuo. Nikasoma bei mara mbili. "Hawa ni wezi," nikamwambia. "Vilivyomo ndani havifiki hata nusu ya hela hiyo."

Akacheka. "Mama, na lile gauni alilolishona mama mdogo? Kitambaa shilingi 20,000, mteja akalipa 60,000. Naye ni mwizi?"

Nikanyamaza. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Anayemlipa halipii kitambaa tu. Analipia mshono, umeme, pango la fremu na miaka aliyotumia kujifunza kukata.

Simu nayo ni hivyo hivyo. iPhone X ilipotoka mwaka 2017, bei yake Marekani ilianzia dola 999. Kampuni ya utafiti ya IHS Markit iliifungua, ikahesabu kipuri kimoja kimoja, ikakadiria vyote kuwa kama dola 370. Zilizobaki si faida tupu. Kuna mishahara ya wahandisi, programu zinazoiendesha, malipo ya kutumia teknolojia za kampuni nyingine, matangazo, usafiri na duka. Simu ikiuzwa hapa kwetu, kuna na kodi ya ongezeko la thamani. Faida ipo, na si ndogo, lakini hutoka baada ya hayo yote.

Sasa angalia hapa. iPhone X ya GB 64 ilikuwa dola 999. Ya GB 256, dola 1,149. Kioo kile kile, kamera ile ile. Dola 150 ziliongezwa kwa ajili ya nafasi ya kuhifadhi vitu, ilhali kipuri chenyewe hakigharimu kiasi hicho. Maana yake, bei haitokani na vipuri peke yake. Muuzaji huangalia pia mnunuzi yuko tayari kutoa ngapi. Na mzazi anayeogopa mwanawe asichekwe na wenzake hutoa nyingi, hata za kukopa.

Tukakaa na binti, tukaandika kazi za simu chuoni: kusoma, kutuma kazi za darasani, picha, kupiga nyumbani. Tukapata simu ya chini ya nusu ya bei ile, yenye sehemu ya memori kadi. Akainama. "Wenzangu wote wana ile nyingine, Mama."

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza hasa. Sikumgombeza. Nilimwonyesha tu kwamba tofauti ya bei ni hela yake ya hosteli ya muhula wa kwanza. Akachagua mwenyewe.

Mwanao akikuletea picha ya simu, usikimbilie kusema ni wizi. Muulize: hii ziada tunalipia kazi gani? Kama jibu ni jina tu, basi kaeni mzungumze kuhusu hilo jina kabla hamjafika dukani.