Ski Italia: vituo vitatu vya nini?

Leo naweka programu pembeni kidogo. Marafiki zangu wanane walioko Ulaya wameniomba niwapangie safari ya kuteleza kwenye theluji Italia: siku mbili Sestriere, mbili Livigno, mbili Val Gardena. Mimi nasema hapana!

Sestriere iko karibu na mpaka wa Ufaransa, Val Gardena iko kule upande wa Austria. Katikati ni barabara za milima na mizigo ya watu wanane. Kila mkihama mnapoteza karibu siku nzima, halafu mnanunua tiketi za lifti upya.

Chukueni Dolomiti Superski, iliyoanza 1974. Tiketi moja, maeneo 12, kilomita kama 1,200 za njia. Mkilala Selva, hapo hapo Val Gardena, mnauzunguka mlima Sella kupitia Corvara, Arabba na Canazei, na jioni mko kitanda kile kile. Yaani mtandao uko tayari, nyie mnataka kuvuta waya mpya!

Ila lifti hufungwa alasiri. Atakayechelewa kuvuka mlima wa mwisho atarudi kwa teksi ya bei kali, na mara nyingi ni yule anayejifunza. Kwa hiyo ratiba ifuate mwendo wake, sio wa mabingwa wawili wanaopiga kelele kwenye baruapepe.

Tena bima ya kuumiza wengine ni lazima Italia tangu 2022, na helmeti kwa kila mtu tangu Novemba 2025.

Nimeshawatumia ratiba. Mabingwa wamenuna.