Hofu ya Hesabu Si Urithi

Katika shule zetu kuna usemi unaorudiwa kila siku hata umekuwa kama sheria: "Mimi sina kichwa cha hesabu." Mwanafunzi husema, mzazi huitikia, na hata walimu wengine hukubali. Nami nasema, msomaji wangu, kwamba usemi huo ni uongo, tena uongo wenye madhara; kwa kuwa umewafungia vijana wengi milango ya uhandisi, udaktari na urubani kabla hawajabisha hodi.

Hebu tuiulize saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, John Watson na Rosalie Rayner, walieleza habari za mtoto wa miezi 11. Hapo mwanzo alipoonyeshwa panya mweupe hakuogopa hata kidogo, bali alinyosha mkono amshike. Basi kila alipomgusa, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake, naye akashtuka. Baada ya kurudiwa mara chache, mtoto akawa analia kwa kumwona panya tu, pasipo kishindo chochote; hata sungura akamtia hofu. Kitendo hicho kilikuwa cha kikatili, na leo hakingeruhusiwa. Lakini kilionyesha kwamba hofu yaweza kufundishwa. Wahenga walikwisha kulijua hilo waliposema: Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa jiulize, ni nani aliyegonga chuma nyuma yako? Mimi namkumbuka wangu. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu mmoja alikuwa akiniita ubaoni, na kila nilipokosea aliipiga meza kwa rula kubwa, darasa zima likacheka. Muhula haukwisha kabla sijaanza kutokwa jasho kwa kukiona tu kitabu cha hesabu. Je, nilizaliwa na jasho hilo?

Tena hofu ina hila. Unapoliacha zoezi la hesabu na kukimbilia somo jingine, moyo hutulia mara moja. Utulivu huo ndio ujira wa kukimbia, na tendo lipatalo ujira hurudiwa. Kesho utakimbia upesi zaidi. Na kwa kuwa hufanyi mazoezi, utashindwa kweli. Ndipo utakaposema, "Si niliwaambia?"

Najua wako watakaonipinga, wakisema kwamba watu hawakuumbwa sawa. Naam, wako waelewao upesi na wako waelewao polepole, nami sikatai. Lakini wepesi ni jambo moja na hofu ni jambo jingine. Mwenye hofu, hata awe na akili namna gani, mawazo yake yameshughulika na aibu inayomngoja, na swali lililo mbele yake halipati nafasi.

Lililofundishwa laweza kuondolewa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, naye wa Marekani, alieleza habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye alimwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali, ndani ya kizimba. Kidogo kidogo sungura akasogezwa karibu, hata mwisho Peter akamshika kwa mkono wake mwenyewe. Fanya vivyo hivyo. Rudi kwenye hesabu za darasa la chini unazoziweza. Fanya chache kila siku, umetulia, pamoja na rafiki asiyecheka. Kisha songa mbele hatua moja. Mimi ndivyo nilivyofanya, na leo nafundisha somo lile lile lililokuwa likinitoa jasho.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba huna kichwa cha hesabu. Sema, "Nilifundishwa kuogopa, nami nitajifunza kutoogopa." Nawe unayecheka mwenzako anapokosea ubaoni, ujue kwamba nyundo imo mkononi mwako. Iweke chini.