Zawadi ya Tajiri Haitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba chuo kikuu cha Marekani kikishapata tajiri wa kukijengea uwanja wa barafu hakina tena udhuru wa kukataa timu rasmi ya hoki, ametoa hukumu kabla ya kuisikiliza kesi. Ametaja chuo cha Penn State, ambako mwaka 2010 tajiri Terry Pegula na mkewe Kim waliahidi dola milioni 88. Walakini amenyamazia kiini cha hidaya ile, kwamba haikuwa ya jengo tu bali na ya kuanzisha timu mbili, ya wanaume na ya wanawake, ambazo ziliingia daraja la juu pamoja mwaka 2012. Wala hilo la wanawake si hisani, maana sheria ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, yakataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu.

Zawadi hutolewa mara moja, ilhali mitambo ya kugandisha barafu, mishahara ya makocha na nauli za ndege hudai malipo kila mwaka. Mwaka 2021 chuo cha Alabama-Huntsville kilisimamisha timu yake. Na timu ya chuo cha Alaska Anchorage, katika jimbo la theluji tele, ilinusurika kufutwa tu baada ya wapenzi wake kuchanga takriban dola milioni 3.

Naupenda mchezo huu kwa kasi na ushujaa wake, na kwa sababu hiyo hiyo nasema: chuo kisicho na wakfu wa kuzilisha timu zote mbili kisianze.